Mpishi wa Ute na Utumbo wa Ndugu Yake

"Utamwambia wewe, wifi. Mdomo uliomwambia angoje ndio huohuo utakaomwambia akapasuliwe."

"Sitamwambia. Daktari yupo, ana mdomo wake, tena ameusomea. Amwambie yeye."

"Akimwambia daktari, mume wangu ataitikia ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa, kisha atavaa viatu vyake arudi kunyoa watu. Unamjua."

Bi Mpishi alimjua sana. Kinyozi yule alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na ni yeye aliyembeba mgongoni tangu mama yao alipofariki, akambeba hata mgongo wenyewe ukazoea, ukawa hauamini kwamba mtoto amekuwa mwanamume wa ndevu na duka. Aligeukia ukutani akajifanya anasoma bango la jinsi ya kunawa mikono, ambalo kwa miaka aliyofanya kazi katika hospitali ile angeweza kuliimba akiwa usingizini.

Walikuwa wawili tu katika chumba cha kungojea wagonjwa. Viti vya pale ni vya plastiki, vimeungwa kwenye chuma kimoja ili mtu asije akaondoka na kimoja kwapani, na chuma chenyewe kimelegea. Mke wa kinyozi ni mwanamke aliyejaa, Bi Mpishi ni kijiti cha kiberiti, basi kila mmoja alipojitupa kitini kwa hasira, mwingine alipanda juu kidogo bila kupenda. Pembeni kulikuwa na mtungi wa maji ya kunywa uliokuwa ukibubujika peke yake kama mzee anayekumbuka madeni. Nyuma ya ukuta, kinyozi amelala usingizi wa dawa, kinywa wazi, hana habari.

Daktari alikuwa ametoka mle punde tu. Ni mtu mrefu wa kuinamia milango, na habari mbaya huwa anaisema akiwa bado ameinama, kana kwamba anaitafutia mahali pa kuiweka chini.

"Kile kinyama hakikuinuka," alikuwa amesema. "Nimekidunga huku na huku, hakikuinuka. Kwa mpira wa kamera hakitoki tena. Apasuliwe tumbo, na mwezi huu usipite."

Akaongeza kwamba kwa kuwa kinyama kile kimeota chini kabisa, karibu na mlango wa kutokea, wakikikata watakata na kipande cha utumbo, na mgonjwa atawekewa mfuko wa choo ubavuni. Huenda ukawa wa muda. Huenda ukawa wa maisha. Kisha, akiwa amekwisha kushika kitasa, akamtazama Bi Mpishi bila ubaya wowote akasema, "Ndiyo maana nilitaka aje mwaka jana."

Akaondoka. Mke wa kinyozi, aliyekuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio, aliacha kuyafuta.

"Nani alitaka nani aje lini?"

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa, tena ulizaliwa na meno yote.

*

Bi Mpishi hakuwa mpishi wa chakula. Marehemu mumewe alikuwa akisema kwamba wali wa mkewe una mawe, na hata hayo mawe hayajaiva. Jina lile alilipata kazini, kwenye maabara ya chini ya hospitali, chumba kisicho na dirisha nyuma ya jenereta, ambako kwa miaka na miaka alipika kitu kimoja tu: ute.

Ute wenyewe ulikuwa wa kazi hii. Utumbo wa mtu, kwa ndani, umevaa nguo mbili. Ya juu ni laini, nyembamba kama shuka. Ya chini ni nene, ndiyo ukuta. Kinyama kikianza kuota, huota kwenye shuka. Daktari anaweza kuingiza mpira mrefu wenye kamera na kisu kidogo mbele yake, akakifuata huko huko ndani akakikata, mgonjwa akaenda nyumbani na tumbo lake zima. Lakini akikata hivihivi, kisu kitapita shuka kitapita na ukuta, na mtu akitobolewa utumbo, yaliyo ndani humwagika yasipotakiwa. Basi kwanza anadunga kitu katikati ya zile nguo mbili, shuka linyanyuke na kinyama kikiwa juu yake. Bi Mpishi alipoulizwa na majirani alikuwa akieleza hivi: ni kama paka ameingia chini ya shuka. Unakata juu ya mgongo wa paka, godoro linasalimika.

"Na paka je?" majirani waliuliza.

"Paka ndiye mimi ninayempika."

Kwani wakati ule madaktari walidunga maji ya chumvi, na maji ya chumvi ni paka asiyetulia. Hujamaliza kushika kisu, amekwisha kuondoka, shuka limelala. Daktari Mrefu akataka paka mnene, mvivu, aliyeshiba. Akamtafuta mtu wa kumkorogea, akampata fundi mmoja wa maabara aliyekuwa hana mpinzani kwa subira na kwa ubishi.

Alipika kwa unga wa mwani na maji yaliyochemshwa na kuchujwa, akatia tone la rangi ya buluu ili daktari aone ute umefikia wapi. Ukiwa mwepesi, ulilala kama maji. Ukiwa mzito, ulisimama imara, lakini haukupita kwenye sindano, maana sindano ya kwenye mpira ule ni ndefu kama ulimi wa jirani na nyembamba kama shukrani yake. Daktari mmoja kijana alisukuma bomba la sindano hadi kidole gumba kikateguka, akazunguka wodini siku kadhaa amefungwa bandeji, wagonjwa wakidhani ameumwa na mwenzao. Watu wa maabara walisema Bi Mpishi akikoroga, kijiko hudhani kimezikwa. Walisema pia aliwahi kusahau bakuli la ute mezani akaenda kumzika shangazi yake, aliporudi akaukuta umesimama vilevile, umeota na vumbi utosini, umezeeka kwa heshima.

Kila asubuhi ndoo ilikuja kutoka machinjioni, ndani yake matumbo ya nguruwe, kwa sababu tumbo la nguruwe na la binadamu ni ndugu wa baba mmoja, ingawa hakuna anayependa kulisema mbele za watu. Bi Mpishi alilisafisha, akalitandaza juu ya ubao, akalibana kwa pini kama mshonaji, kisha akadunga ute chini ya utando. Kivimbe cha buluu kikainuka. Akaweka rula kando, akakitazama. Kikilala upesi, akamwaga sufuria. Kikisimama, akakitazama zaidi. Alivitazama vivimbe kwa miaka hiyo yote kuliko alivyomtazama mumewe, na siku ute uliposimama vizuri na ukapita kwenye sindano bila kuteguana vidole, alifunga mlango wa maabara akacheza peke yake kati ya sinki na friji.

Sasa, jambo moja hakuliwaza, na wala hakuna aliyemwambia aliwaze. Matumbo yale yalikuwa ya nguruwe wachanga, wazima wa afya, waliokufa kwa kisu na si kwa maradhi. Hayakuwa na kinyama, hayakuwa na kovu, hayakuwa na kinyongo na mtu. Ukiyadunga yanainuka. Mtu akiona jambo linatii kila siku, huanza kudhani ni yeye anayetiiwa.

*

Kinyozi aliugua mwaka uliotangulia. Damu kidogo chooni, akanyamaza. Ikaja tena, akamwambia mkewe. Mkewe akamwambia wifi yake. Na wifi akamshika mkono kama mtoto wa shule akampeleka kwa Daktari Mrefu. Mpira ukaingia. Kikaonekana kinyama, kipana, kimelala bapa kama sarafu iliyobandikwa, bado kichanga.

Kesho yake Daktari Mrefu aliteremka maabara. Bi Mpishi alikuwa amevaa glavu, mikono imo ndani ya ndoo.

"Mdogo wako," alisema daktari, "mwambie aje wiki ijayo. Kile nitakitoa."

"Kwa ute wetu?"

"Ute wetu bado haujaruhusiwa kwa watu, unajua hivyo. Kwa maji ya chumvi. Nitadunga, nitakata, nitadunga tena. Nimekuwa nikifanya hivyo kabla sijakuona wewe na sufuria yako."

"Maji ya chumvi yanalala."

"Yanalala, nayaamsha. Mwambie aje."

Bi Mpishi akaitikia. Lakini ndani ya kichwa chake kulikuwa na ule ubao wake, na juu ya ubao tumbo, na madaktari vijana waliokuwa wakija kujifunza pale kwake. Alikuwa amewaona kwa macho yake jinsi maji yalivyolala katikati ya kukata na kisu kikatokea upande wa pili, tundu la kupitisha kalamu. Kwenye ubao walicheka tu. Tumbo la nguruwe haliugui tena. Sasa alimwona mdogo wake juu ya ubao ule, amebanwa pini.

Hilo ndilo alilojiambia. Kulikuwa na lingine ambalo hakujiambia, likakaa nyuma ya lile la kwanza kama mtoto nyuma ya gauni la mama yake.

Jioni alipita dukani. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, povu hadi masikioni.

"Dada, daktari amesemaje? Useme taratibu, nimeshika wembe."

Na Bi Mpishi, aliyetoka hospitali na ujumbe mmoja, akaufikisha mwingine.

"Anasema ungoje. Ute wetu unakaribia kuruhusiwa. Utakuwa wa kwanza."

"Wa kwanza duniani?"

"Duniani na vitongoji vyake."

Kinyozi akacheka, mteja akacheka povu likamwingia puani. "Umesikia? Dada yangu ananipikia. Wengine wakiugua wanapikiwa uji, mimi napikiwa ute."

Kesho yake Bi Mpishi akapanda ngazi hadi kwa Daktari Mrefu na ujumbe wa kurudi. "Ndugu yangu anaogopa. Anasema atangoja ute wetu." Daktari akakuna shingo, akasema hakupenda lakini tumbo ni la mwenyewe, na kwamba lazima awe anachunguliwa mara kwa mara. Hivyo Bi Mpishi akawa anabeba maneno juu na chini ya ngazi zile, na kila alipofika katikati, maneno yaligeuka.

Kungoja ni rahisi kwa mtu aliyetaka kungoja. Kinyozi alikuwa na hofu yake moja, na haikuwa ya kufa. Alikuwa na mteja, mzee mmoja mwalimu mstaafu, msafi wa kola, aliyewahi kufanyiwa upasuaji akawekewa mfuko. Siku moja, kinyozi akiwa amemwinamia ampunguze nywele za shingoni, mfuko ukaachia. Waliokuwa kwenye benchi wakageuza nyuso. Mmoja akatoka nje kana kwamba ameitwa. Mzee akalipa, akaaga kwa adabu, na hakuonekana tena kwenye duka lile wala kwenye duka lolote. Watu walisema alianza kunyolewa na mkewe kwa mkasi wa jikoni. Tangu hapo kinyozi alikuwa na kauli moja.

"Kazi yangu mimi ni tumbo langu kwenye bega la mteja. Siku nikivaa mfuko ule nitamwegemea nani? Heri wanizike na tumbo langu."

Basi akangoja. Ruhusa ya ute ikachelewa. Mara wanaotoa ruhusa walitaka upikwe kwenye chombo cha namna nyingine. Mara ukatoa mapovu. Mara mwani ulioletwa ulikuwa mbaya na ute ukawa na mabonge mabonge kama uji wa bibi harusi mpya. Kila mara kinyozi alipouliza, dada yake alimwambia karibu. Na kila alipochunguliwa, daktari wa zamu alifinya kipande kidogo cha kinyama akipeleke kupimwa, mara mbili tatu kwa madaktari tofauti, maana Bi Mpishi mwenyewe ndiye aliyempeleka huku na huko, kwa wasiwasi, ili ahakikishiwe kwamba kungoja hakudhuru. Kila mfinyo uliacha kovu. Na kovu ni gundi, hubandika shuka kwenye godoro.

*

Siku ya siku ikafika, ndiyo hii. Ruhusa imetoka, ute umo ndani ya mabomba ya sindano, buluu, safi kama kitambaa cha sikukuu. Asubuhi kinyozi alijinyoa mwenyewe akajikata kidevu. Mkewe akamwambia ndiyo maana kinyozi hajinyoi mwenyewe. Akasema leo ni ruhusa, leo hata utumbo unanyolewa.

Bi Mpishi aliruhusiwa kuingia chumbani, kwa kuwa ni yeye aliyeujua ute. Alisimama karibu na kioo cha kamera akaona utumbo wa mdogo wake ukipita, mwekundu, unaong'aa, unaishi. Hakuwa amezoea utumbo unaopumua. Mpira ukafika. Kinyama kikatokea, si sarafu tena. Kingo zimepanda, katikati pamebonyea.

"Dunga," alisema Daktari Mrefu.

Ute ukapita kwenye sindano laini kabisa, bila kidole kuteguka. Shuka likaanza kunyanyuka, buluu, zuri, mviringo. Bi Mpishi akasikia moyo wake unacheza kama siku ile kati ya sinki na friji. Likanyanyuka upande wa kulia. Likanyanyuka wa kushoto. Nyuma likanyanyuka kama mlima. Na katikati ya milima yote hiyo kinyama kikabaki palepale chini, kimebanwa, kama kifungo kilichoshonewa kwenye godoro.

"Ongeza," alisema Bi Mpishi.

Hakuna aliyeomba ushauri wake.

"Ongeza kidogo, daktari. Unasimama huo. Utakiinua."

"Nikiongeza," alisema Daktari Mrefu, macho bado kwenye kioo, "nitainua kila kitu isipokuwa chenyewe."

Akavuta mpira nje taratibu. Na ute ukabaki umesimama mle ndani. Ulikuwa ute bora kuliko wote aliowahi kupika.

*

"Uliniambia daktari ndiye aliyesema angoje," mke wa kinyozi alisema sasa. Alikuwa ameshusha sauti, na wifi yake alimwogopa zaidi hivyo. "Ulikuja nyumbani kwangu ukakaa kwenye kiti changu ukanywa chai yangu. Ukasema, wifi usiwe na wasiwasi, ni amri ya daktari."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Nilidhani watamtoboa. Wewe hujaona mtu anavyotobolewa."

"Wewe umeona?"

Bi Mpishi aliona kwamba jibu lake lote lilikuwa ndani ya ndoo ya machinjioni.

"Nakuuliza. Umewahi kuona mtu, mtu wa kuitwa jina, ametobolewa na huyu daktari?"

"Sijaona."

"Basi. Na hilo la kuwa wa kwanza duniani? Alitangaza mtaa mzima. Mpaka muuza mkaa alikuwa akiniita mke wa wa kwanza. Ulitaka wa kwanza awe wa kwenu, ili ute wako usimame tumboni mwa ndugu yako, watu wakupigie vigelegele."

"Nilitaka apone."

"Na hilo lingine?"

Mtungi wa maji ukabubujika. Bi Mpishi alitazama mikono yake. Kwenye mikunjo ya kucha kulikuwa na buluu ambayo haikuwahi kutoka kwa sabuni yoyote.

"Na hilo lingine pia," akasema.

Alidhani wifi yake atampiga, na alikuwa tayari. Hata alisogeza shavu kidogo. Lakini mke wa kinyozi alikaa tu, mzito, mikono mapajani, akitazama mlango wa chumba cha wagonjwa.

"Nitamwambia yote," alisema Bi Mpishi. "Akifumbua macho tu. Nitamwambia daktari alimwita mapema na mimi nikaficha. Nitampigia magoti. Akitaka anifukuze, anifukuze."

"Humwambii."

"Si wewe uliyesema mdomo wangu..."

"Nilisema umwambie akapasuliwe. Sikusema umwambie ulivyomdanganya." Mke wa kinyozi akageuka, chuma cha viti kikalia. "Nisikilize vizuri, maana sitarudia, ninaona kichefuchefu hata kusema mara moja. Yule mtu duniani anamwamini mmoja tu. Si mimi niliyemzalia watoto. Mimi nikimwambia mvua inanyesha anatoka nje kuangalia. Wewe ukimwambia, anachukua mwavuli. Sasa akijua huyo mmoja ndiye aliyemfikisha hapa, kesho nani atamshawishi alale mezani apasuliwe? Daktari? Atasema wote lenu moja. Atarudi dukani na kinyama chake, atanyoa watu mpaka aanguke juu yao."

"Siwezi kumdanganya tena."

"Mara ya kwanza uliweza bila kufundishwa."

"Wifi."

"Unataka kuungama ili upate usingizi. Usingizi wako si kazi yangu. Mimi nataka mume. Awe na mfuko, awe na mifuko miwili, avuje kila siku ya Mungu, nitafua. Akishapona, ungama mpaka ukauke koo, sitakuzuia, na mimi mwenyewe nitakuwa nimekaa pale nikikusikiliza kwa raha zangu. Lakini leo utamwambia ugonjwa umebadilika, mambo ya Mungu, na kwamba wewe, dada yake, umeona kwa macho yako, na unamwomba akubali kisu na akubali mfuko. Na utasema kwa uso ule ule uliomwambia angoje."

"Atauliza mbona ute haukufanya kazi."

"Mwambie ute haukufaa."

Bi Mpishi akainua uso. Kati ya yote aliyoambiwa siku ile, hilo ndilo lililomwingia.

"Ute ulisimama," akasema. "Ulisimama vizuri. Waulize mle ndani."

Wifi yake alimtazama kama mtu anayeangalia kitu kilichooza akijiuliza kama kuna upande wa kukatia.

"Mwambie haukufaa," akarudia. "Uharibikiwe na wewe jina angalau mara moja. Mara ile ulimdanganya kwa kupenda kwako. Leo umdanganye kwa kupenda kwangu."

Kutoka upande wa pili wa ukuta ikasikika sauti ya kitanda cha magurudumu, na mtu akikohoa. Bi Mpishi alipangusa uso kwa viganja. Akanong'ona akijaribu maneno, kama anavyojaribu mtu kiatu cha mwenzake.

"Mdogo wangu, ugonjwa umebadilika. Mdogo wangu, ute wangu..."

Akasimama hapo. Akaanza tena.

"Ute wangu hauku..."

Mlango ukasukumwa kwa bega. Kinyozi aliingia na gauni la hospitali, mkono mmoja umeushikilia mwanya wa nyuma, kidevu kina alama ya wembe, macho bado yana usingizi lakini meno yote nje. Nyuma yake nesi alikuwa amebeba viatu vyake akimwambia baba rudi, baba bado hujaruhusiwa kutembea.

"Huyu nesi hataki kuniambia kitu," alisema kinyozi, akiegemea mlango. "Nikamwambia mama, usijisumbue, dada yangu yuko hapo nje, yeye atanieleza. Haya dada. Sema."